Seva Chini ya Ngazi

Jumatatu, 4 Septemba

Siku ya ushindi. Kamati ya klabu yetu ya ndege waimbaji imekubali, kura nne kwa tatu, kwamba mwaka huu ndege wote wa shindano wataandikishwa kwenye tovuti. Tovuti yangu. Seva yangu. Karatasi basi.

Bwana Gunarto hakufurahi. Miaka kumi na mmoja ameandikisha ndege kwa daftari, pale kwenye duka lake la kutoa nakala, kwa mwandiko ule wa kujidai wenye mikia. Akauliza mashine yangu ikizimika itakuwaje. Nikamjibu kwamba mashine haiugui mafua wala haifungi duka kwenda harusini. Watu wakacheka. Yeye akaendelea na chai yake.

Mzee Darmaji, mwenyekiti wetu, akaturudisha kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana walikuja ndege arobaini na watatu tu. Ofisi ya kata imechoka kututengea uwanja wa nyuma ya soko la ng'ombe kwa ajili ya ndege arobaini na watatu, na wapo wanaoutaka ili wajenge viwanja vya mpira vya kukodisha. Tusipopeleka orodha ya ndege mia moja kufikia Ijumaa ya tarehe kumi na tano, hakuna shindano Jumapili ya tarehe kumi na saba. Wala mwaka mwingine wowote. Mzee aliyasema hayo akitazama glasi yake. Ana miaka sabini na minne, na shindano hili alilianzisha yeye na marehemu kaka yake.

Ndege mia moja. Ni wachache! Jiji la Semarang peke yake lina ndege wengi kuliko watu. Wanachokosa ni mahali pa kubonyeza.

Mke wangu Yuniarti kauliza kama nimewahi kuendesha seva. Nimemwambia nimetazama video sita. Akasema dada yake, Retnaning, kazi yake ndiyo hiyo, analinda seva za chuo hapa hapa Salatiga, kwa nini nisimpigie simu. Sitampigia. Shemeji Retnaning ana namna ya kukutazama kimya mpaka unaanza kujibu maswali ambayo hajauliza.

Jumanne, 5 Septemba

Kusoma mita za maji za watu ni kazi ya asubuhi. Mchana wangu ni wa maendeleo.

Seva imekaa chini ya ngazi, kati ya magunia mawili ya karanga za Yuniarti, ambazo huzisaga na sukari na kuzifunga kwenye vikaratasi vya kuuza. Ni kompyuta ya zamani, haina skrini. Naiamuru kutoka sebuleni kwa kompyuta mpakato, kama jemadari. Juu yake, kwenye ndoano, linaning'inia tundu la Satria, ndege wangu wa murai, mwimbaji mwenye mkia mrefu. Kila seva ikiwaka hutoa milio miwili: tiit, tiit. Satria huinamisha kichwa kusikiliza. Ndege mwenye akili.

Saa tisa alasiri. Programu ya seva imegoma. Inadai kuna kosa mstari wa kumi na nne. Nimeutazama mstari wa kumi na nne dakika arobaini. Hauna kosa. Kwa kweli nimeupenda. Nimeufuta na kuuandika upya mara tano. Bado.

Yuniarti kapita na sinia la karanga, kachungulia, kauliza mbona mistari yote imeishia na nukta mkato isipokuwa wa kumi na tatu. Nimemweleza kwamba mambo haya si mepesi kiasi hicho. Akaenda zake. Nimeweka nukta mkato. Imewaka. Uvumilivu ni kila kitu katika kazi hii.

Saa kumi na moja. Tovuti iko hewani! Inaonekana kwenye simu yangu, simu ya Yuniarti, simu ya binti yetu Laras, hata kwenye runinga. Nimemwandikisha Satria, namba moja. Kisha nikaandikisha ndege wa kupimia mitambo, jina lake Ndege wa Majaribio, namba mbili. Nimetangaza kwenye kundi la klabu kwamba historia imeandikwa.

Jumatano, 6 Septemba

Historia inaonekana nyumbani kwangu peke yake.

Mzee Darmaji kapiga simu, anaona ukurasa mweupe. Mwanachama wa Ambarawa, ukurasa mweupe. Bwana Gunarto akaandika kwenye kundi, kwa ile adabu yake ya kuudhi, kwamba kama kila mwandikishaji anatakiwa afike sebuleni kwa Bwana Tarsono, yeye yuko tayari kuchangia viti.

Kumbe ruta yetu, kile kisanduku cha mtandao, huzuia watu wa nje. Lazima uifungulie mlango mmoja mahususi, wageni waingie hadi kwa seva. Habari za mlango nilikuwa nazo. Sikujua tu kwamba umefungwa. Kuufungua kumenichukua dakika hamsini, na kwa muda fulani hapakuwa na mtandao nyumba nzima. Laras alikuwa katikati ya somo lake. Ameacha kusema nami.

Lakini saa kumi na moja na nusu Mzee Darmaji akaandika: "Nimeiona, mwanangu. Ina rangi nzuri." Kisha akamwandikisha ndege wake, kenari. Namba tatu. Nimeyasoma maneno yale mara kadhaa. Zimebaki tisini na saba, na moja katika tatu zilizopo ni ya uongo, lakini mwanzo ni mwanzo.

Ijumaa, 8 Septemba

Ndege kumi na mmoja. Si wengi. Ila kuna takwimu nyingine, na hiyo ndiyo ya kuangalia.

Jana niliandika kiprogramu kidogo kwenye kompyuta mpakato yangu. Kila baada ya sekunde tano kinaibishia hodi seva kuona kama ni hai. Seva ikijibu, taa ya kijani. Nimeiweka kompyuta karibu na sahani wakati wa kula ili niione taa. Halafu leo nikafungua kumbukumbu za seva nihesabu wageni wa siku nzima. Elfu kumi na saba mia mbili na themanini! Kwa siku moja!

Nimelipeleka jambo hilo kwenye kikao cha jioni. Nikaiandika namba hiyo ubaoni kwa chaki nyekundu. Mjumbe mmoja akapiga mluzi. Bwana Gunarto akauliza watu elfu kumi na saba wanafanya nini humo ndani wasiandikishe ndege. Nikamweleza kwamba wanatafakari. Mtu haandikishi ndege wa thamani kwa pupa.

Mzee Darmaji akaitazama ile namba, kisha kalenda ya ukutani.

Jumamosi, 9 Septemba

Asubuhi nimepita kusoma mita ya duka la Gunarto. Kwenye meza yake kuna bango la shindano, na kwenye bango kuna picha ya murai. Na tovuti yangu ina picha ya murai. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema ni picha ya ndege, Bwana Tarsono, ndege wote wanafanana kidogo.

Mtu haibi picha akaishia hapo. Kesho ataiba orodha. Kesho kutwa atasema tovuti ni yake.

Nimechukua hatua. Kila faili kwenye seva lina ruhusa zake, nani asome, nani aandike. Nimezibana zote. Sasa hakuna mtu duniani awezaye kusoma mafaili yangu isipokuwa mimi. Nimeyafungua moja moja kuhakikisha. Nimeyasoma yote bila shida. Taa ya kijani inawaka.

Tumekula wali na tempe ya soya, ya kukaanga. Nimekula vizuri.

Jumapili, 10 Septemba

Leo alikuja Bi Sumiyem.

Anakaa juu huko Kopeng, mlimani, analima kabichi. Mume wake, Sukardi, alikuwa mwanachama wetu. Kwenye shindano la mwaka juzi hakukubali uamuzi wa majaji na akapindua meza yao, maembe yao yakabingirika uwanja mzima. Tulimsimamisha mwaka mmoja. Kabla mwaka haujaisha akafariki.

Bi Sumiyem kaketi ukingoni mwa kiti. Simu yake ameifunga kwenye kitambaa. Akaifungua, akanionyesha ukurasa aliokuwa ameutunza tangu jana jioni. Ni tovuti yangu, nyeupe, ina maneno mawili makubwa meusi katikati: UMEKATAZWA KUINGIA.

Akasema: "Sikuja kugombana, Baba Laras. Nimekuja kuuliza tu nimekosa nini. Kama ni ile meza, mwenye kosa ameshaondoka. Ndege hana hatia."

Akaeleza kwamba murai wa mumewe hajaimba tangu msiba, ila mwezi uliopita alianza tena, kidogo kidogo, asubuhi. Alitaka amlete uwanjani mara moja, asikie wenzake.

Nikasema ni mfumo wa usalama. Yuniarti alikuwa amesimama mlangoni na birika, na macho aliyonitazama nayo nayajua, ni ya ukoo wao. Nikasema basi, ni mimi, nilibana ruhusa za faili, nikawafungia watu wote, si yeye peke yake. Bi Sumiyem akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo la heshima ambalo haliamini. Nikamwahidi nitamwandikisha mimi mwenyewe pale pale. Akasema asante, hataki kuisumbua tena mashine. Akakifunga kitambaa chake. Akaondoka na pikipiki ya jirani yake.

Nimezirudisha ruhusa zote. Tovuti inafunguka. Tangu jana mchana hakuna hata mmoja aliyeweza kuandikishwa. Tumekwama kwenye ndege kumi na tisa.

Sikula vizuri.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimegundua kila kitu! Sababu ya uzito wote huu imepatikana.

Nimezisoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Karibu wale wageni elfu kumi na saba wote wanatoka anwani moja ya mtandao. Moja! Kila sekunde tano, mchana na usiku, hachoki, haendi kuswali, hali chakula. Mtu huyu anaishambulia seva yangu tangu Alhamisi.

Nimeitafuta anwani hiyo inakaa wapi. Kila ninapouliza, jibu ni lile lile: anwani ya faragha. Ya faragha! Mtu mwema ana haja gani ya faragha?

Sijataja jina. Naandika tu kwamba duka la kutoa nakala lina umeme mchana kutwa.

Saa nane mchana nimeifungia anwani hiyo isiingie tena kamwe. Na kwa kuwa mtu wa aina hii hakosi ndugu, nimewafungia na wote walio kwenye ukoo wake, kila anwani inayoanza na tarakimu zile zile. Nikabonyeza.

Saa nane na dakika moja. Taa nyekundu.

Saa nane na dakika mbili. Seva hainijibu. Nimeiamuru, kimya. Nimefungua tovuti kwenye simu, kimya. Simu ya Yuniarti, kimya. Runinga, kimya. Amejibu pigo. Ameiua.

Nimechomoa waya, nimechomeka. Tiit, tiit. Kimya. Mara kumi na mbili. Satria sasa anaruka kutoka kijiti hadi kijiti kila nikiinama.

Kifurushi changu cha simu kiliisha juzi kwa hiyo natumia mtandao wa nyumbani tu. Afadhali. Nimenyamazisha kundi la klabu. Sitaki kuyasoma atakayoandika yule mtu.

Jumanne, 12 Septemba

Nimeshindwa kujizuia. Saa sita mchana, nikiwa bado na sare ya kazi, nimeingia dukani kwa Gunarto. Mzee Darmaji alikuwepo, amekaa kwenye kiti cha wateja. Sikujali. Nimesema yote. Nimesema anaishambulia seva yangu kila sekunde tano. Nimesema ameiua jana saa nane. Nimesema kama uwanja ukienda, umekwenda kwa mkono wake.

Gunarto aliizima mashine ya nakala kwanza. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Bwana Tarsono, mimi hata nenosiri la simu yangu ananikumbusha mke wangu. Nikushambulie kwa nini? Kwa kalamu?"

Mzee Darmaji akasema mbona tovuti asubuhi hii yeye ameiona, na mtu wa Magelang amempigia kusema ameandikishwa. Nikamweleza kwa upole kwamba simu yake inamwonyesha nakala ya zamani iliyohifadhiwa humo, kama kivuli cha marehemu, na mtu wa Magelang vile vile. Mzee akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Nimekwenda. Nimekaa ngazini juu ya seva. Nimewaza namna ya kumwambia Mzee kwamba shindano lake na kaka yake nimelizika mimi chini ya magunia ya karanga. Mimi nilimwahidi mia moja. Ubaoni, kwa chaki.

Yuniarti kaja akaketi ngazi ya chini yangu. Hakusema, "Nilikwambia." Alisema amempigia dada yake.

Jumatano, 13 Septemba

Shemeji Retnaning kafika saa tisa alasiri na skrini kwenye kikapu cha pikipiki, imefungwa kwa kanga ya watoto. Kavua viatu, kasalimu, kakubali chai. Kisha akaingia chini ya ngazi, akachomeka skrini kwenye seva moja kwa moja, akaketi juu ya gunia.

Nilianza kumweleza kuhusu mshambuliaji. Akasoma. Nikamweleza kuhusu anwani ya faragha. Akasoma. Nikakiri habari ya ruhusa za faili, ambayo hakuwa ameiuliza. Akaendelea kusoma.

Akauliza kompyuta yangu mpakato iko wapi. Nilikuwa nayo mapajani. Akaomba nimsomee anwani yake ya mtandao. Nikaisoma. Nikaisoma tena.

Shemeji akasema: "Basi, shemeji. Huyo adui umempakata."

Wageni wangu elfu kumi na saba ni mimi. Ni kile kiprogramu cha taa ya kijani, kinabisha hodi. Anwani ya faragha maana yake tu ni anwani ya ndani ya nyumba. Na nilipoufungia ukoo wake wote, nimeifungia nyumba yangu: kompyuta, simu zote, na runinga. Dunia nzima iliyobaki ilikuwa inaingia kama kawaida.

Yuniarti kaenda jikoni. Nimesikia kitu kama kikohozi. Hakikuwa kikohozi.

Nikauliza kwa hiyo siku mbili hizi. Shemeji akanigeuzia skrini. Siku mbili hizi wameandikishwa ndege thelathini na wanane. Solo, Magelang, Boyolali, watu wawili kutoka Semarang. Tumefika hamsini na saba.

Akasema, kwa sauti ile ile ya kuomba sukari: "Imefanya kazi vizuri kwa sababu hukuweza kuigusa."

Naona ameniheshimu kwa kuja. Mtaalamu haji kwenye mitambo isiyo ya maana.

Ameondoa kizuizi, amekizima kiprogramu changu, ameandika mistari michache ya kwake kwenye faili la mipangilio, na amebandika karatasi kwenye seva kwa gundi: USIGUSE. Chini yake sahihi.

Alhamisi, 14 Septemba

Hamsini na saba. Hakuna mpya. Kesho ni siku ya mwisho.

Nimepita dukani kwa Gunarto. Sikuwa na mita ya kusoma. Nilisimama mlangoni nikamwambia mshambuliaji amepatikana. Akauliza ni nani. Nikasema ni mtu wa mtaani kwetu. Akaanza kucheka, akanivutia kiti. Nikacheka na mimi. Sikuwa na njia nyingine.

Kisha akavuta droo akatoa daftari. Lile lile, la jalada la bluu. Kumbe tangu tovuti ilipokuwa ukurasa mweupe, watu walioshindwa kuingia walikuwa wakija kwake, na yeye akawaandika. Hakuwatangaza, asije akaonekana anaipinga kamati. Majina arobaini na sita, kwa mwandiko wenye mikia.

La mwisho kwenye ukurasa wa pili, tarehe kumi: Sumiyem, Kopeng. Murai mmoja. Alitoka kwangu akaenda moja kwa moja kwake.

Nimelisoma jina hilo nikiwa nimesimama. Nikamwambia Gunarto mwandiko wake ni mzuri. Akasema anajua.

Ijumaa, 15 Septemba

Ofisi ya kata, saa tatu asubuhi. Mzee Darmaji kavaa shati lake la batiki la harusini. Mimi na karatasi zilizochapwa, Gunarto na daftari.

Afisa ni mama mmoja mwenye miwani na rula. Akaanza kuhesabu, jina kwa jina, akisogeza rula. Hamsini na saba, arobaini na sita, jumla mia moja na watatu. Mzee akapumua. Rula ikasimama. Wawili wameandikwa kote kote, kwenye tovuti na kwenye daftari. Mia moja na mmoja.

Rula ikasimama tena. Akauliza huyu Ndege wa Majaribio ni wa nani.

Nilifikiri kwa haraka kununua kenari nimpe jina hilo. Nilifungua mdomo. Mzee Darmaji alikuwa ananitazama. Nikasema hayupo, mama, ni wa kupimia mitambo.

Akamkata kwa wino mwekundu. Mia moja kamili.

Akagonga muhuri. Mzee Darmaji alibaki ameshika ukingo wa meza. Akasema: "Kaka angecheka." Basi. Kisha akatushika mkono, mimi huku na Gunarto kule, tukatoka hivyo hadi nje, watu wazima watatu, kama watoto wanaovuka barabara.

Nje nimehesabu tena peke yangu. Daftari arobaini na sita. Tovuti, hata ukimtoa Majaribio, hamsini na sita. Nimemshinda kwa kumi.

Jumapili, 17 Septemba

Uwanja umejaa. Matundu mia moja kwenye ndoano, vitambaa vimeondolewa, mlima Merbabu umejionyesha wote bila wingu. Wauza mayai ya siafu na wauza nyenje, chakula cha ndege, wameishiwa saa nne asubuhi. Yuniarti amemaliza karanga zote.

Satria alikuwa ndoano ya sita. Jaji alipokaribia, Satria akapandisha kifua, akafungua mdomo na kutoa sauti safi, kali, isiyo na dosari: tiit, tiit. Jaji akageuka kutazama kama kuna gari linarudi nyuma. Tiit, tiit. Akarudia mara kumi na mbili, nimehesabu. Ndege wa ndoano ya saba akanyamaza, akainamisha kichwa, naye akajaribu. Majaji watatu wakakutana. Wamempa alama za sauti, wakamnyima za wimbo. Nafasi ya sabini na moja. Nadhani hawajazoea mambo ya kisasa.

Ndege wa Bi Sumiyem alikuwa raundi ya pili. Dakika nne hakutoa sauti. Aligeuka geuka tu, akiwatazama wengine. Bi Sumiyem alisimama nyuma ya kamba, kitambaa mkononi, akinong'ona kitu. Wengine wanapiga makelele kuwachochea ndege wao. Yeye ananong'ona.

Dakika ya tano ndege akaanza. Chini kwanza, kama mtu anayesafisha koo. Kisha akapanda. Sijui kueleza. Watu waliokuwa wakipiga makelele wakaacha, mmoja mmoja, mpaka nikawa nasikia mkia wake ukigonga kijiti. Jaji mkuu, ambaye meza yake ndiyo ilipinduliwa mwaka juzi, alikwenda mwenyewe kuchomeka kibendera cha alama za juu chini ya tundu lake.

Nafasi ya tatu. Bi Sumiyem alipokea zawadi, akaja tulipokuwa. Alimshukuru Gunarto. Kisha akanigeukia na kunipa kabichi mbili kubwa kutoka kwenye kapu lake. Akasema anajua mashine ilinisumbua sana.

Jumanne, 19 Septemba

Kikao cha kamati. Uwanja ni wetu mwakani, ofisi ya kata imethibitisha kwa barua. Wameamua tovuti na daftari viende pamoja, mimi na Gunarto tuketi meza moja. Gunarto kanileta nyumbani kwa pikipiki yake na kunywa chai. Ni mtu mzuri, nimekuwa nikisema hivyo siku zote. Kaitazama seva kwa heshima, kasoma ile karatasi ya shemeji, kaniambia ningeifuata.

Kweli, inakwenda vizuri. Siku sita haijagoma hata mara moja. Inafunguka Solo, inafunguka Kopeng, inafunguka hata kwenye runinga yetu. Hakuna anayelalamika. Hakuna anayepiga simu.

Nimekaa nayo mchana wote. Kimya tu.

Saa kumi nimefungua faili la mipangilio, kusoma tu. Shemeji ameandika vizuri, hilo sikatai. Lakini kuna mstari mmoja, wa ishirini na mbili, ambao sijui unafanya nini. Nimeusoma mara nane. Sioni faida yake. Na mtaalamu hawezi kuacha kwenye mitambo yake kitu asichokielewa. Si kwamba nabadilisha. Nasafisha.

Nimeufuta. Kunakili faili la zamani kwanza ni kwa watu wasiojiamini.

Nimeiwasha upya. Tiit, tiit, upande wa seva. Tiit, tiit, upande wa Satria.

Inachukua muda kidogo kufunguka. Ni kawaida. Inajipanga. Naamini hadi Yuniarti atakaporudi sokoni itakuwa imefunguka, na kwa kasi zaidi.